Darubini ya lenzi ya milimita 102 kwa matumizi ya Wete: niichukue pamoja na stendi yake?

Maalim Mstaafu (Wete)

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Kwa zaidi ya miaka 20 nilisomesha mwanga na lenzi kwa chaki na ubao, bila ya hata siku moja kuwa na darubini ya maana mkononi. Sasa mpwa wangu aliyeko Muscat amepata darubini iliyotumika kutoka kwa mfanyakazi mwenzake anayehama, naye anataka kuniletea atakapokuja likizo. Ni darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 102 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 714. Lenzi yake ya mbele imeundwa kwa vipande viwili, na kimojawapo ni cha kile kioo maalumu kinachotawanya rangi kidogo, ambacho wauzaji hukitambulisha kwa herufi ED. Inakuja na stendi nzito inayozunguka kwa kufuata mhimili wa dunia, pamoja na mota yake na vyuma vya kusawazisha uzito. Mwenye mali amekubali kuitenga stendi hiyo ikiwa hatuitaki, na tofauti ya bei si ndogo.

Naomba ushauri kabla mpwa wangu hajalipa, kwa sababu nimeshaungua mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua mjini Unguja darubini ambayo sanduku lake lilijigamba kwamba inakuza mara 525. Miguu yake ilikuwa myembamba kiasi kwamba ukigusa tu skrubu ya kurekebisha, Mshtarii anarukaruka kama changu aliyenasa kwenye mshipi, na hatimaye ikawa mchezo wa wajukuu. Mara ya pili ni darubini ya macho mawili niliyoachiwa na marehemu ami yangu. Niliiweka kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi, na nilipoitoa baada ya masika niliona kwa ndani ya lenzi nyuzi nyeupe zimetambaa kama mizizi ya mwani. Haikufaa tena.

Mashaka yangu, basi, ni stendi na unyevu. Nia yangu ni kuwaonesha watoto wa mtaani na wanafunzi wa skuli ya jirani pete za Zohali na mabonde ya mwezi, nami mwenyewe nina magoti ya miaka 66.

Mkaazi wa Jambiani

Wa alaykumus salaam, Maalim. Darubini ichukue, stendi iache.

Sababu ni mahali tulipo. Stendi ya aina hiyo hufanya kazi pale mhimili wake mmoja unapoinamishwa ukalingana na mhimili wa dunia, na kiasi cha kuinamisha ni sawa na latitudo ya mtazamaji. Mtu wa London anauinamisha nyuzi 51 na nusu, na stendi inakaa vizuri. Wete iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mhimili huo unatakiwa kulala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi hazikuundwa kulala hivyo: ama skrubu inagota kabla ya kufika, ama fimbo yenye vyuma vya uzito inagonga mguu wa stendi darubini inapozunguka. Mimi niliwahi kuazimwa stendi kama hiyo, nikalazimika kuweka tofali chini ya mguu mmoja ili kupata mwinamo. Ilikaa hivyo usiku mmoja. Usiku wa pili upepo wa kusi ulinifunza adabu, ingawa namshukuru Mungu niliidaka kabla haijafika chini.

Zaidi ya hapo, ncha ya kusini ya anga, ambako mhimili huo unatakiwa kulengwa, kwetu iko nyuzi 5 au 6 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu wa bahari, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno hata kwa mtu aliye jangwani. Utalenga kwa dira na kubahatisha.

Mwambie mpwa wako atafute stendi rahisi inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, lakini yenye miguu minene. Fedha mtakayookoa itieni kwenye miguu hiyo. Darubini nzuri juu ya stendi dhaifu ndiyo ile ya mara 525 iliyokuja kwa jina jingine.

Inchi Nane (Unguja Mjini)

Naomba kutofautiana kidogo, si juu ya stendi bali juu ya darubini yenyewe. Kwa fedha ya lenzi nzuri ya milimita 102, Maalim anaweza kupata darubini inayokusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi badala ya lenzi, chenye kipenyo cha milimita 200, inayokaa juu ya sanduku la mbao. Mwanga unaokusanywa unategemea eneo la kipenyo, kwa hiyo kioo hicho kinakusanya karibu mara nne ya lenzi hiyo. Kishada cha nyota cha Omega Centauri, kilicho umbali wa karibu miaka ya nuru 17,000, katika darubini yangu ni kama sukari iliyomwagwa juu ya kaniki, punje moja moja hadi katikati. Katika lenzi ya milimita 102 kitaonekana kama donge la moshi linaloanza kuchambuka pembezoni. Watoto wanavutiwa na kipi?

Mkaazi wa Jambiani

Hesabu yako ni sahihi, ndugu yangu, nami nimechungulia ndani ya darubini kama hiyo na nikakuonea wivu. Lakini Maalim ametaja Zohali na mwezi, ambavyo havina uhaba wa mwanga. Kwa vitu hivyo kinachotakiwa ni taswira kali isiyotawanyika, na lenzi nzuri haina kioo cha pili, kama kilichomo ndani ya darubini yako, kinachoziba katikati ya njia ya mwanga. Darubini yangu ni ya lenzi ya kawaida ya zamani, na ukingo wa mwezi ndani yake una utepe wa zambarau, kwa sababu lenzi ya namna hiyo haiwezi kuzikutanisha rangi zote mahali pamoja. Kile kioo cha ED kimewekwa ili kuupunguza utepe huo, na kwa urefu wa fokasi wa 714 ni lazima kiwepo, maana lenzi fupi ya kawaida ingeonesha rangi zaidi kuliko yangu iliyo ndefu.

Kisha tuulizane: kioo chako kina miaka mingapi?

Inchi Nane (Unguja Mjini)

Sita, na umenishika pabaya. Utando wa alumini umeanza kuingia madoa upande mmoja, nadhani ni chumvi ya bahari, kwa kuwa mdomo wa bomba uko wazi na nyumba yangu iko karibu na pwani. Kuupaka upya ni lazima kukisafirisha nje ya visiwa. Hata hivyo sijajuta, ila kwa mtu wa Pemba anayetaka kitu cha kumsaidia miaka mingi bila ya fundi, nakubali kwamba lenzi ina hoja.

Fundi wa Kamera (Darajani)

Maalim, zile nyuzi ulizoziona ni ukungu ulio hai. Unapenda giza, joto, hewa iliyotuama na unyevu, na mkoba wa ngozi ndani ya kabati uliupa vyote vinne kwa pamoja. Kazi yangu ni kamera, na kila baada ya masika huletewa lenzi za namna hiyo. Ukiuwahi unasafishika. Ukichelewa unakula utando wa kioo, na alama yake haitoki.

Sanduku la alumini litakalokuja na darubini, lenye sponji ndani, lifae kwa safari tu. Hapa nyumbani tafuta sanduku kubwa la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, utie ndani mfuko wa shanga za silika na kidude cha kupimia unyevu, ambacho ni rahisi. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Zipo shanga zinazobadilika rangi zikishiba maji. Ukiona zimebadilika, zipashe kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka zirudi rangi yake. Mchele ambao watu wanaushauri una vumbi, na vumbi ndilo chakula cha ukungu.

La muhimu kuliko yote ni namna ya kuirudisha ndani. Wapemba hamhitaji kufunzwa habari ya umande: karafuu zilizo juani huanuliwa kabla ya usiku kuingia, na hakuna anayezifunga kwenye gunia zikiwa mbichi. Lenzi nayo usiifunike na kuifungia sandukuni ikiwa imelowa. Iache chumbani, mdomo ukitazama chini kidogo, feni ikizunguka, mpaka ikauke yenyewe. Usiifute kwa kanga wala kwa pindo la kanzu, kwani chembe moja ya mchanga wa pwani inatosha kuchora mstari wa daima. Na asikushawishi mtu kuifungua lenzi ya mbele ili aisafishe kwa ndani, hata kama mtu huyo ni mimi. Vile vipande viwili vimepangwa kwa nafasi na mwelekeo maalumu, na vikirudishwa visivyo, umebaki na bomba.

Nahodha wa Zamani (Mkoani)

Nitaongeza neno dogo la faraja. Maalim asisikitike kwamba hatuioni nyota ya Jaa, ambayo sisi mabaharia tulikuwa tukianza kuipata tulipokwenda kaskazini na kuivuka ikweta. Kukaa hapa katikati kuna faida yake. Nyota ya Suheli tunayo, Msalaba wa Kusini tunao, Kilimia tunacho, na ile galaksi ya Andromeda ambayo watu wa kusini kabisa wanaiona kwa shida, kwetu inapanda vizuri. Katika mwaka mmoja takriban anga lote linapita juu ya paa lako.

Mkaazi wa Jambiani

Nahodha amenikumbusha jambo. Kwa sababu hiyo hiyo Mshtarii na Zohali kwetu hupita juu sana. Wanapofika kilele chao angani hawashuki chini ya nyuzi 60 hivi, ilhali London kuna miaka wanafika nyuzi 15 tu, ndani ya hewa nzito inayotetemeka. Hii ni neema kubwa kwa mwenye lenzi nzuri, lakini, Maalim, ndiyo itakayoyagusa magoti yako. Darubini ya lenzi hutazamwa kwa nyuma, kwa hiyo ukiilenga juu, sehemu ya kuweka jicho inashuka sentimita 40 au zaidi chini ya kichwa cha stendi. Utakuwa umekaa kama mtu anayekuna nazi. Hakikisha inakuja na kile kioo cha pembe kinachoigeuza njia ya mwanga, na miguu ya stendi iwe mirefu.

Maalim Mstaafu (Wete)

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na mpwa wangu jana usiku; stendi inabaki Muscat. Nina maswali mawili yaliyobaki. Lenzi za jicho ninunue zipi, kwa kuwa mwenye mali anatoa moja tu ya milimita 24? Na majirani wameshaanza kuniuliza kama nitaitumia kutafutia mwezi mwandamo. Hukumu ya jambo hilo nawaachia masheikh, lakini je, kifaa chenyewe kinafaa?

Mwalimu wa Konde

Shikamoo, Maalim. Mimi nina darubini ndogo ya lenzi ninayoitumia na wanafunzi wangu.

Ukuzaji unapatikana kwa kugawanya 714 kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Ile ya 24 inakupa karibu mara 30, ambayo inatosha kukiona Kilimia chote kwa pamoja na miezi minne mikubwa ya Mshtarii. Ongeza moja ya milimita 7, nayo itakupa mara 102, ambapo pete za Zohali zinajitenga waziwazi na umbo lake. Kipimo cha juu chenye maana ni karibu mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani mara 200 kwako, na usiku wa kuweza kufika huko si mwingi. Mbili hizo zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu mwezi mwandamo, kinafaa, lakini usiielekeze darubini magharibi kabla ya jua kuzama lote. Mwezi mchanga unakuwa karibu na jua, na mtoto anayeutafuta kwa kuzungushazungusha bomba anaweza kulikuta jua lenyewe; jicho lake litakuwa limekwisha kabla hajapiga ukelele. Ukikuta ndani ya mizigo kile kichujio kidogo cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe, maana kinapasuka kwa joto. Kichujio salama ni kile kinachofunika lenzi ya mbele yote.

Jambo jingine ambalo nililigundua kwa kuhangaika: usiku usio na mwezi ndio tunaoutaka sisi, na ndio wanaoutaka wavuvi wa dagaa. Huku kwetu upande wa bahari unang'aa kwa taa zao kama mji, kwa hiyo mimi huwapeleka watoto shamba, nyuma ya mikarafuu, ambako giza ni la kweli.

Maalim Mstaafu (Wete)

Marahaba, mwanangu. Nyuma ya nyumba yangu nina kiwanja cha kuanikia karafuu ambacho usiku kiko wazi. Naomba jambo moja la mwisho kwa ndugu wa Jambiani: kiti unachokalia wewe unapotazama kina urefu gani, nimpe seremala vipimo?

Mkaazi wa Jambiani

Nina viwili, Maalim. Kibao cha sentimita 30 kwa sayari zikiwa juu, na stuli ya sentimita 60 kwa mwezi unapoanza kuchomoza. Kibao kiwe na miguu mitatu, kwa sababu kiwanja cha karafuu hakikosi mabonde.