Wauza stelingi za gemu Mwanza: mtetemo SIYO fosi fidibaki! Nimepigwa laki sita na nusu

Mwadila wakuu. Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa hiyo anayekuja na "pole mkuu, ndiyo kujifunza" naomba apite kimya kimya. Sijaomba pole. Nataka watu wa Mwanza wenzangu waache kuliwa hela zao kama nilivyoliwa mimi.

Mimi ni dereva. Miaka sita nimeshika Hiace, Buhongwa, Igoma, Airport, njia zote hizo, na sasa nina Canter ya kusambaza bidhaa mpaka Sengerema. (Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sipangi foleni ya kivuko tena, kwa hiyo jioni nafika nyumbani mapema. Ndiyo chanzo cha balaa lote hili.) Udereva nautaja si kwa kujisifu. Nautaja ili mjue kwamba nikisema stelingi haiongei, ninaijua inayoongea ikoje. Tairodi ikianza kulegea mkono unajua kabla ya sikio. Ukikata kona lami imelowa na tairi za mbele zikaanza kuteleza, kuna nusu sekunde stelingi inakuwa nyepesi kama umeshika sahani tupu. Hiyo nusu sekunde ndiyo inakwambia achia mafuta, usizidi kukata. Asiyeisikia tunaenda kumvuta mtaroni.

Sasa mimi starehe yangu ni gemu za mbio. Sinywi, kamari za mpira sibeti, Jumapili nina Assetto Corsa. Ni gemu ya mwaka 2014, desktopu yangu ya mtumba inaimudu bila kelele, na magari yake yana tabia za magari. Lakini nilikuwa nacheza kwa kibodi. Kuendesha gari kwa kibodi ni kama kula ugali kwa uma: unashiba, ila haujala. Nikaweka nia: nanunua stelingi, najenga na kiti kabisa. Miezi minane nikadunduliza.

Nilichokuwa nakitaka kina jina moja, fosi fidibaki. Kwa asiyejua: gemu inapiga hesabu ya mzigo ulio kwenye tairi za mbele, inaituma kwenye mota iliyo ndani ya stelingi, mota inakuvuta mkono. Tairi zikishika, stelingi nzito. Zikipoteza mshiko, stelingi inalegea. Matako ya gari yakichomoka, stelingi yenyewe inakimbilia upande wa kuokolea. Yaani kile kile ninachokisikia kwenye Canter kila siku. Nikaenda duka moja mjini kati. Sitalitaja jina, mods wasije wakafuta uzi.

Jamaa akanipokea vizuri mno. "Karibu bosi wangu." Nikamwambia nataka stelingi yenye fosi fidibaki, digrii 900. Akashusha boksi kubwa, pedeli tatu, gia ya pembeni, picha ya gari linafuka moshi. Nikamuuliza tena, maana mimi siyo mtoto: hii ina fosi fidibaki? Akasema, "Braza hii ina fidibaki zote, wateja wangu wa rali wote wanachukua hii." Bei laki saba. Tukavutana mpaka laki sita na nusu. Nikaomba risiti, akaniandikia kikaratasi kwa mkono: STELINGI YA GEMU 1. Hapo ndipo ningegeuka nikaondoka. Sikugeuka.

Wakuu, kabla sijaiwasha nikaenda kwa fundi. Kuna mzee mmoja anachomelea mageti Mabatini, mkono wake nauamini. Nikamchorea: fremu ya kiti, sahani ya stelingi, sahani ya pedeli, kila kitu kisogezwe kwa bolti. Mzee akatazama mchoro, akauliza swali ambalo muuza duka hakuwahi kuuliza: "Kijana wangu, hicho kitu kinavuta kwa nguvu gani?"

Swali zuri sana hilo. Nguvu ya stelingi hizi hupimwa kwa nyutonimita. Logitech G29, ile ya gia ndani, ina kama mbili. Thrustmaster T300 ya mkanda inakaribia nne. Fanatec CSL DD, ambayo stelingi inakaa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, inatoa tano, na ukiiongezea adapta kubwa inafika nane. Kwa stelingi ya sentimita 28, mbili ni kama umetundika kilo moja na nusu ya dagaa kwenye ukingo wake. Nane ni karibu kilo sita, sangara mdogo mzima ananing'inia pale na kukuvuta. Nikamwambia mzee, tupige mahesabu ya sangara, huenda baadaye nikapanda daraja.

Mzee hakufanya utani. Bomba la mraba, 40 kwa 40, akakataa lile jembamba la geji 18, akaweka geji 16. Akaweka na mshazari chini ya sahani ya stelingi maana alisema bila huo nguzo zitacheza kama meno ya mzee mwenzake. Kiti nilipata cha Noah kwa wauza spea, na reli zake za kusogeza. Siku tatu kazi imekwisha. Nimekaa juu ya ile fremu, nimetingisha, haitingishiki. Mtu akiniambia fundi wa mageti hajui kazi ya sim, yaani gemu za kuigiza udereva wa kweli, nitamletea picha.

Usiku ule nikafunga stelingi, nikachomeka USB, nikaingia uwanja wa mbio wa Monza na kigari kidogo, Abarth 500, gari la kuvuta mbele. Unashuka ule mnyoosho mrefu, unafika kona ya kwanza, unakanyaga breki, unakata. Nikakata kwa makusudi kupita kiasi. Tairi zinalia kwenye spika. Gari linakwenda moja kwa moja nje ya barabara. Mkononi je? Hakuna. Stelingi ilikuwa ile ile, ugumu ule ule wa kuvuta raba, kama manati. Nikapanda kwenye ule ukingo wenye rangi nyekundu na nyeupe, ndipo ikafanya kitu: bzzzzzz. Kama simu ya mtu inaita mfukoni kanisani.

Nikasema labda sijaseti. Siku nne, wakuu. Siku nne nimehangaika na draiva, nimefuta gemu nimeirudisha, mama watoto ananiangalia tu. Kompyuta ilikuwa inaitambua ile stelingi kama pedi ya Xbox 360, ile ya kushika mkononi inayotetemeka tu, na bado sikushtuka! Mpaka rafiki yangu mmoja aliyeko Dar akaniuliza kwenye simu: "Adapta yake ya umeme umechomeka wapi?"

Adapta gani?

Nikarudi kwenye boksi. Nimelitikisa, nimelipindua. Waya ulikuwa mmoja tu, wa USB. Na hapo nikakaa chini kwenye kiti cha Noah nikacheka peke yangu, maana jibu lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Tundu la USB la kawaida linatoa volti 5 na nusu ampea, wati mbili na nusu. Hiyo inaweza kutikisa kijimota cha mtetemo chenye kipande cha chuma kilichokaa upande. Kumvuta dereva mikono haiwezi, haina pumzi hiyo. Stelingi yenye mota ya kweli lazima ije na umeme wake.

Kwa hiyo hali niliyonayo ni hii: nina fremu ya chuma inayoweza kubeba injini ya boti, imejengwa kwa ajili ya sangara wa kilo sita, na juu yake kimekaa kitu kinachonguruma kama simu.

Kesho yake nikarudi dukani. Yule "bosi wangu" akawa ameisha, sasa nikawa "we kaka". Nikamwambia hii haina fosi fidibaki. Akaichomeka kwenye laptopu yake, akaitetemesha mbele yangu, akasema, na naandika alivyosema: "Si hiyo inatetemeka? Sasa fidibaki ni nini zaidi ya hapo?" Nikamweleza. Akasema mali ikishatoka hairudi, na kwenye karatasi hakuandika fosi fidibaki. Kweli hakuandika. Ndiyo maana nasema hakukosea, alijua anachofanya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, lakini mimi na kikaratasi changu cha STELINGI YA GEMU 1 nitaanzia wapi? Tungekuwa na risiti ya mashine tungezungumza lugha nyingine.

Na msinielewe vibaya, stelingi ya mtetemo siyo dhambi. Mtoto wa miaka nane atafurahi. Mtu wa kuendesha malori kwenye Euro Truck polepole, atafurahi. Ila iuzwe kwa jina lake na bei yake! Mbona soko la samaki la Mwaloni mwenye sato wa jana anakupa bei ya sato wa jana, na ukitaka unamfunua mashavu mwenyewe?

Basi na stelingi ifunueni mashavu. Ikiwa bado haijachomekwa popote, izungushe nusu mzunguko uiachie. Ikijirudisha katikati kwa nguvu, humo ndani kuna springi au raba, weka chini uondoke. Yenye mota ikiwa haina umeme hukaa pale pale ulipoiacha. Kisha tafuta tundu la adapta mgongoni, siyo waya wa USB, tundu la umeme wake peke yake. Kisha idai iwashwe: zile za gia na za mkanda kama G29 na T300 zikipata umeme na USB ikichomekwa zinajizungusha zenyewe kushoto na kulia kutafuta katikati, mpaka unaweza kuogopa. Akikwambia "dukani hatuna soketi", ujue. Na digrii 900 isikulaghai, ni mizunguko miwili na nusu tu kutoka mwisho hadi mwisho, hata kifuniko cha ndoo kinaweza kuzunguka hivyo. Yangu inazunguka 900 bila shida yoyote!

Pia angalieni inafanya kazi na mashine gani. G29 ni ya PlayStation na kompyuta, G920 ni ya Xbox na kompyuta, kwa sura ni mapacha. Kuna jirani yangu hapa Nyasaka alipigwa hiyo.

NYONGEZA, saa 4 usiku:

Naona comments. Wewe uliyesema "mtu mzima na gemu za watoto": Max Verstappen, bingwa wa Formula 1 kuanzia 2021 hadi 2024, akitoka kazini anarudi kwenye sim. Jann Mardenborough aliingia mbio za kweli baada ya kushinda shindano la gemu ya Gran Turismo mwaka 2011. Mimi siendi Formula 1, naenda Sengerema, lakini heshima ni ile ile.

Aliyesema ningeagiza Kariakoo: boksi kama langu huko limejaa pia. Tofauti ni nauli ya basi tu.

Aliyeuliza pedeli: breki yake ni laini kuliko klachi, nimeshaachana nayo. Ila humu kuna kitu cha kuokoa. Breki nyingi za bei ya chini hupima mguu umeshuka umbali gani, wakati mguu wa dereva unakumbuka nguvu, haukumbuki umbali. Breki nzuri zina lodiseli, inapima unakandamiza kiasi gani, na ni kifaa kile kile kilicho ndani ya mizani ya kidijitali wanayopimia samaki. Mzee wa mageti nimeshamwonyesha, ameipenda, tunatafuta mizani mbovu na bodi ndogo ya Arduino (kisaketi cha kuiunganisha na kompyuta) ya kuifunga. Hiyo nitailetea uzi wake ikikamilika, ikishindikana pia nitaileta.

Aliyeniambia nimuuzie mwingine "kimya kimya nirudishe hela yangu": sifanyi hivyo. Naiuza hapa hapa. Stelingi ya gemu, digrii 900, pedeli tatu, gia ya pembeni. Ina MTETEMO. HAINA fosi fidibaki. Laki moja na nusu, maongezi yapo kidogo. Nipo Nyasaka. Uje na laptopu yako uijaribu mpaka uridhike, kiti cha Noah kipo, soketi ipo, fremu hiyo siuzi.