Chewa mkubwa: tumle au sheria imlinde?

Wakuu, hili nataka tubishane. Hapa Moshi chewa akishushwa kutoka Tanga, kinachogombaniwa ni kichwa kikubwa cha supu. Vidogo vinangoja bei ishuke. Tukizungumzia kulinda samaki, kilio ni "msivue wachanga". Mkubwa tunamwona halali yetu.

Mimi napinga. Kule New South Wales, Australia, kwenye miamba ya bahari yenye ubaridi, yupo samaki aitwaye blue groper. Huanza maisha akiwa jike, rangi ya kahawia, na baadhi baadaye hugeuka madume ya buluu. Anapita mita moja, na ni mpole kupita kiasi: anamsogelea mzamiaji hadi karibu na mkono. Kumchoma mshale si kazi, ndiyo maana wakakataza tangu 1969. Wa mshipi waliachiwa wawili kwa siku, mpaka mwaka 2024 serikali ilipofunga kwa majaribio, hata mshipi marufuku.

Chewa wetu wengi nao huanza majike. Ukivuna wakubwa tu, unamaliza madume. Basi sheria iweke kipimo, mkubwa arudishwe majini. Naomba kuwasilisha.

Mwana wa Pangani: Mkuu, ndoano haiulizi jinsia. Chewa ukimvuta kutoka kina kirefu, anafika juu tumbo limefura, macho yamemtoka. Umrudishe vipi? Anaelea pale pale, kunguru wanamla. Sheria yako itapoteza bure kitoweo cha mtu mwenye watoto.

Mleta mada: Hapo umenibana, kwa kina kirefu kipimo peke yake hakitoshi. Lakini wazo si la kigeni: kwa miaka mingi kanuni zetu zilitaka sangara wa sentimita 50 hadi 85, mzazi mkubwa aachwe. Kwa chewa, basi tufunge mwamba wenyewe. Mafia na Pemba wanafunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, na walinzi ni wanakijiji.

Mama Samaki, Arusha: Pweza anakua kwa miezi, chewa ni miaka. Nani atavumilia mwamba umefungwa miaka mitano? Halafu mimi nikiletewa kichwa hapa soko la Kilombero, nitajuaje kimetoka mwamba upi? Mnaotaka sheria, anzeni kwa kuacha kuniagiza "kile kikubwa, mama, cha wageni".

Mwana wa Pangani: Mama kasema. Mleta mada, wewe supu ya kichwa umeacha lini?