Naomba ushauri: mgonjwa wa TB anaeshindwa kuacha sigara

Wakuu habari za saa hizi, mi ni nesi kliniki ya TB huku wilayani, wagonjwa wangu wengi wanavuta fegi na wengine ugoro, yani mtu yuko kwenye dozi ya miezi 6, mapafu yenyewe hoi, ila akitoka tu getini anawasha. Tulifundishwa hatua tano: uulize, umshauri, upime kama yuko tayari, umsaidie, umpangie kurudi. Za mwanzo dakika chache zinatosha, shida ni hapo kwenye kumsaidia, namsaidia na nini sasa? Bigijii na plasta za nikotini (zile za kupunguza hamu ya kuvuta) WHO walishaziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009 ila dirishani kwetu sijawahi kuziona, bupropioni (vidonge vya kusaidia kuacha sigara) ndo kabisaa. Kuna mzee dereva wa lori anasema akikaa siku mbili tatu bila kuvuta anakua mkali mpaka mkewe mwenyewe anaenda kumnunulia pakiti (nilicheka ila inauma). Kumtisha na kansa hakusaidii, anaijua. Mliofanikiwa bila dawa mlifanyaje, simu kila siku wiki ile ya kwanza? kumuita na mke kwenye ushauri? Na hizo plasta mnazipata wapi na bei gani?