Singer 15K, Singer 28K au Butterfly: ipi inafaa kwa kazi ya sare na khanga?

Fundi_Chuno
Habari zenu mafundi. Hapa Mtwara mjini kuna cherehani tatu kuukuu zinauzwa, bei hazipishani sana: Singer 15K ya miguu, Singer 28K ya mkono yenye kifuniko cha mbao, na Butterfly JA2-1 ya miguu. Kazi yenyewe ni sare za shule, madera na kupinda khanga. Ipi ichukuliwe, na ikaguliwe wapi kabla ya kutoa hela? Gurudumu la 15K ni zito kidogo kuzunguka.

Mama_Mikindani
Fundi, kwanza hakikisha ni Singer kweli. Maandishi ya dhahabu hubandikwa upya, yasikutie tamaa. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, juu ya kitako, upande wa kulia karibu na nguzo. Pitisha ukucha: namba iliyogongwa inashikika. Singer za Kilbowie, Clydebank, Scotland, za kuanzia miaka ya 1900 huwa na herufi moja au mbili mbele ya tarakimu, na ile K ya 15K na 28K ndiyo Kilbowie. Kiwanda kilifungwa 1980, kwa hiyo akikwambia ni "mpya ya Scotland", muage.

Ligula_Nyuzi
28K mimi naitoa kabisa kwenye hesabu. Inatumia shato (kijumba cha uzi wa chini) iliyochongoka kama mtumbwi, na bobini ndefu nyembamba. Ncha ya shato ikilika, mishono inaruka, na shato ya kubadilishia huikuti kwa urahisi dukani. Halafu hairudi nyuma: kufunga mshono lazima ugeuze kitambaa. Kupinda khanga sawa, inapinda vizuri sana. Mifuko ya sare itakuchosha.

Kaka_wa_Lindi
Naungana na Ligula. Zilizobaki mbili ni ndugu: JA2-1 imeigwa kutoka Singer 15, kwa hiyo bobini ni zilezile na sindano ni HAx1 ile ya kawaida. Usilipe zaidi kwa ajili ya jina. Lipia ambayo haijalika.

Fungua kibati cha pembeni, toa boksi la bobini, umulike ndoano inayodaka uzi wa sindano kwa tochi ya simu. Ncha iwe kali na nyororo. Hewa ya chumvi ya huku pwani inakula chuma kilicholala bila mafuta. Kutu ya juujuu inafutika, lakini vishimo kwenye njia ya ndoano vitakata uzi kila siku. Kisha shika mhimili wa sindano uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, muda haukai: sindano na ndoano zitapishana na mishono itaruka hata ukibadilisha sindano.

Boksi lenyewe litie bobini yenye uzi, ulining'inize kwa uzi wake. Likae. Ukilirusha kidogo lishuke kidogo. Likianguka lenyewe, kaza skrubu ndogo robo mzunguko. Lisiposhika, spring imechoka.

Mama_Mikindani
Na usikubali kuonyeshwa mshono kwenye kitambaa kimoja chepesi. Nenda na vipande vyako: khanga mikunjo miwili, kisha kaki ya sare mikunjo minne kwa sindano namba 16. Uzi wa juu rangi moja, wa chini rangi nyingine. Vitanzi vikitokea chini ya kitambaa, watu hulaumu bobini, kumbe tatizo liko juu: uzi haujaingia katikati ya visahani vya kukazia. Inua futi, tunga upya, jaribu tena. Mshono ukinyooka, mashine haina kosa.

Jaribu pia kurudi nyuma. 15K za zamani nyingine hazirudi, na ikiwa hairudi bei ishuke.

Ligula_Nyuzi
Meza ya mbao gonga kwa chini. Ikilia kama tupu, mchwa wameshapita.

Fundi_Chuno
Asanteni. Na ule uzito wa gurudumu?

Kaka_wa_Lindi
Vua mkanda kwanza, toa na sindano, zungusha kwa mkono polepole kukuelekea. Uzito ukiwa sawa mzunguko mzima, ni mafuta yaliyoganda, hasa kama waliweka ya nazi au ya kupikia. Tone la mafuta ya taa kila tundu, zungusha, futa, rudia kesho yake. Kisha mafuta ya cherehani, maana ya taa yanasafisha tu, hayalainishi. Ukikwama sehemu moja ileile kila mzunguko, angalia uzi uliojisokota nyuma ya ndoano. Kama hakuna uzi na bado inakwama, huenda kuna mhimili uliopinda. Hapo iache 15K, chukua Butterfly.

Ukivua mkanda gurudumu likawa jepesi, basi mashine haina tatizo. Uzito uko kwenye pedali: paka mafuta maungio ya ile fimbo inayopanda kwenye gurudumu kubwa la chini.