Tupeane uzoefu: Umefika wapi na Vespa au Lambretta yako kuukuu kutoka Mombasa?

Kibokoni150
Wenye skuta za zamani, asalaam aleikum. Kila nikisimama petroli steshoni naulizwa swali lilelile: "Mzee, hii nayo inafika wapi?" Basi jibu tuliandike hapa. Sizungumzii kwenda Nyali na kurudi. Nazungumzia safari ya kulala hukohuko: Malindi, Voi, Taveta, Tanga, Nairobi. Injini ndogo, yaani 125, 150, ikizidi sana 200. Taja skuta yako, barabara ilikufanya nini, na wewe uliitengeneza vipi kabla ya kutoka.

Nianze mimi. Yangu ni Vespa ya cc 150, gia nne za mkono wa kushoto, ya kuchanganya oili. Mwendo wake wa raha ni 60 hadi 65 kwa saa. 80 inafika, lakini kufika si kukaa. Njia niipendayo ni Voi mpaka Wundanyi. Natoka mjini alfajiri nimalize Changamwe na Miritini kabla trela hazijajaa, na jua likichomoza niwe nimeshaipita Mariakani. Mbele ya hapo ni nyika tupu, Samburu, Taru, na joto la huko likishashika halina mchezo. Mackinnon Road nasimama msikitini kwa Seyyid Baghali, walii aliyezikwa pale, kama wasafiri wengine. Skuta inapoa, mimi napata maji na kusoma dua. Wako wanaosema kusimama pale ni mila tu. Sawa, iwe mila, lakini ni karibu kilomita 100 kutoka mjini, na hapo ndipo hasa cc 150 inapotaka kupumzika.

Kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni gia ya pili, mara mojamoja ya tatu, na watu wengi huogopa kule kupanda. Mimi naogopa kushuka. Injini ya tu-stroke haina oili ya kuogea pistoni. Oili inaingia pamoja na petroli. Ukifunga eksileta halafu skuta ikateremka kwa gia mlima mzima, pistoni inakwenda mbio na hainywi kitu. Kwa hivyo kila baada ya kona mbili tatu nabana klachi, nafungua eksileta kidogo, vrrr, naachia. Walio nyuma yangu hudhani najionyesha.

Mtoto_wa_Bondeni
Mimi nilifika Mtwapa. Skuta ilirudi kwa pikap. Endeleeni.

Fundi_Majengo
Kibokoni umesema kweli, na hapo kwa oili nina maneno, maana skuta nyingi zinazoletwa kwangu zimekufa kwa oili.

Vespa za PX, zilizoanza 1977, zinataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Nyingi za miaka ya sitini ni hivyohivyo. Za miaka ya hamsini zinataka asilimia 5, na Lambretta za Innocenti, kile kiwanda chake cha Italia, nyingi ziliandikiwa 4. Kwa hivyo usimwige mwenzio, jua yako ni ya lini. Kuzidisha nako si usalama. Plagi inaloa, ekzosi inajaa masizi, na skuta inapoteza nguvu kidogo kidogo mpaka unadhani injini imechoka.

Shida yenyewe iko njiani. Bodaboda za siku hizi ni fo-stroke, hazichanganywi oili na petroli, kwa hivyo steshoni za barabara kuu unakuta oili za kila namna isipokuwa yako. Wengine wanakimbilia kwa wavuvi, wanachukua oili ya mashini za boti. Ile imetengenezewa injini inayopozwa na maji. Yetu inapozwa na hewa na silinda yake inapata moto mkali zaidi. Ikukwamue mpaka mji unaofuata, sawa. Safari nzima, hapana. Ukiishiwa Voi au Mtito Andei, ulizia oili ya pawasoo, ule msumeno wa mashini wa kukatia miti. Nao ni tu-stroke ya hewa.

Lakini dawa ni kubeba yako. Mimi natumia chupa za dawa ya kikohozi za mililita 100. Moja kwa lita tano, hesabu imekwisha, hakuna kubishana na mtu wa pampu. Unatia oili kwanza, petroli inaifuata kwa nguvu na kuichanganya, halafu unaitikisa skuta kushoto na kulia.

Na jambo jingine linaloniudhi. Juu ya silinda kuna kifuniko cha bati. Vijana wanakivua eti injini ipate hewa. Vespa ina feni yake, na hicho kifuniko ndicho kinachoelekeza upepo wa feni upite kwenye mapezi ya silinda. Ukikivua, hewa inatawanyika na silinda inachemka. Kirudisheni.

Binti_Shanzu
Mimi na Lambretta yangu ni watu wa Malindi. Kilomita kama 120, lami yote, na mji hauko mbali kokote ukikwama: Mtwapa, Vipingo, Kilifi, Matsangoni, Gede. Kwa anayeanza, dada au kaka, anzia huku. Voi baadaye.

Kitu nilichojifunza ni upepo. Kwenda Malindi wakati wa kaskazi unapigwa usoni njia nzima, na skuta ile ngao yake ya mbele ni kama tanga lililogeuzwa. Gia ya nne inakataa, unarudi ya tatu, petroli inaliwa. Wakati wa kusi mambo yanageuka, unasukumwa mgongoni, unafika hata hujachoka. Mimi sasa napanga safari kwa msimu, kama nahodha. Kaskazi nikienda, najua kurudi ndiko kutakuwa raha.

Daraja la Kilifi lina habari yake. Liko juu sana ya mkono wa bahari na upepo unaingia kwa ubavu. Gari haliusikii, ila wewe mwenye magurudumu ya inchi kumi unausikia. Punguza kabla ya kuingia, usishike usukani kwa nguvu, na usikae karibu na ukingo kutazama mandhari. Ukitaka mandhari, vuka kwanza, uegeshe, urudi kwa miguu.

Mizigo: watu wanarundika kila kitu kwenye keria ya nyuma. Injini tayari iko nyuma, wewe umekaa nyuma, ukiongeza begi la kilo ishirini gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza. Vitu vizito viweke chini miguuni, pale pa bapa. Ndiyo faida ya skuta hiyo. Mimi mtungi wa petroli lita tano, spana, plagi mbili za akiba, waya wa klachi na wa gia vyote viko miguuni. Nyuma ni nguo tu na mkate wa mayai wa mama.

Na ndugu zangu wanaume wa barabarani, nikisimama kubadilisha plagi si lazima msimame watano. Mmoja anatosha, na huyo pia ashike tochi tu.

Mtoto_wa_Bondeni
Dada Shanzu, mimi ni mmoja wa wale watano. Samahani.

Tudor_PX
Nairobi nimefika, PX 150. Kilomita kama 480, na sishauri mtu ajaribu kwa siku moja. Skuta inaweza. Wewe ndiye huwezi. Lala Mtito Andei, ni karibu nusu ya njia, na kipande cha kati ya Voi na Mtito usikipite usiku hata kidogo. Unapita katikati ya Tsavo Mashariki na Magharibi, ndovu wanavuka, na taa ya Vespa ya zamani inaangaza pua yake mwenyewe.

Trela ndizo habari kubwa ya njia ile. Ikikupita, kwanza inakusukuma pembeni, halafu ukishalegea inakuvuta kwake. Mkono uwe tayari kwa yote mawili. Zinazokuja mbele zinapiga kofi la upepo, inama kidogo tu. Na chunga ukingo wa lami. Mahali pengi lami imekatika na chini kuna changarawe. Gari linashuka na kupanda tena, gurudumu la inchi kumi linanasa. Kama dereva nyuma ana haraka, naonyesha indiketa mapema, napunguza, natafuta mahali pa sawa pa kushukia. Kiburi acha nyumbani.

Sasa kabureta. Pwani tuko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700. Hewa inakuwa nyepesi, petroli inabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inakuwa nyeusi na skuta inakohoa. Ukitembelea tu siku mbili, vumilia. Ukikaa, weka jeti kuu, ule msumari wenye tundu la kupimia petroli kwenye kabureta, iwe ndogo zaidi. Lakini unaporudi, kabla hujashuka, irudishe kubwa. Jeti ya Nairobi ukija nayo Pwani petroli inakuwa haba, na injini ya petroli haba inaungua.

Mimi yalinipata ya petroli haba kwa njia nyingine. Tulikuwa tumeshaiacha Maungu, barabara iko wazi, upepo wa nyuma, skuta inakwenda vizuri kupita kawaida yake. Kisha sauti ikabadilika. Ule mlio wa kulegea ukakauka, ukawa kama bati. Nilikuwa na vidole viwili juu ya klachi, nikabana palepale, na injini ikanyamaza nikiwa bado natembea. Pistoni ilikuwa imenasa kwa joto. Klachi ikichelewa hapo, gurudumu la nyuma linafunga na unajikuta chini. Nikaegesha chini ya mgunga, sikugusa kitu, nikasubiri mpaka silinda ikawa ya kushikika kwa mkono. Nikapiga kiki taratibu, ikasogea, ikawaka. Nikaenda kwa 45 mpaka nyumbani. Kufungua, sili ya kranki, ule mpira wa kuzuia hewa isiingie, ilikuwa imechoka na inavuta hewa ya pembeni. Tangu hapo, skuta ikienda vizuri kuliko kawaida, nasimama kutazama plagi. Rangi ya kahawa ya maziwa, endelea. Nyeupe, tafuta hewa inaingilia wapi.

Kibokoni150
Mimi Nairobi jeti sibadilishi na nimerudi salama. Plagi mbili na uvumilivu.

Fundi_Majengo
Ndiyo, kwa sababu umebaki na kubwa. Kubwa inaleta masizi tu. Ndogo ndiyo inaua. Tudor yuko sawa.

Jomvu_Mpitaji
Hizi ni skuta za kupelekea watoto madrasa. Mnajitesa tu. Nunueni pikipiki ya 150 fo-stroke, mtafika mapema na mtu hatakohoa nyuma yenu.

Kibokoni150
Mapema tunaweza kufika kwa SGR pia, shekhe. 1962 Wahispania wawili, Santiago Guillén na Antonio Veciana, walizunguka dunia kwa Vespa 150 kwa siku 79. Mtaliano Giorgio Bettinelli aliondoka Roma 1992 kwa Vespa akafika Saigon, na baada ya hapo akaendelea na mabara mengine. Hiyo ya moshi nakubali. Kwenye feri ya Likoni huwa nazima na kufunga bomba la petroli, si kwa adabu tu, kabureta za zamani huvuja zikisimama.

Ami_Likoni
Vijana mnazungumza Nairobi, sisi wa ng'ambo njia yetu ni Tanga. Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, unaingia Horohoro, kama kilomita 170 kwa jumla na lami mpaka mjini. Anayetoka bara siku hizi anakwenda kwa Dongo Kundu, feri haimhusu. Ni njia tulivu, trela chache, minazi na miwa. Lambretta yangu ya zamani haijawahi kulalamika huko.

Mpakani shida haiko kwenye injini, iko kwenye karatasi. Logibuku iwe kwa jina lako wewe. Skuta hizi nyingi ni za urithi, kadi bado ina jina la marehemu babu, na ofisa akiona jina si lako safari imeishia hapo. Bima chukua Kadi ya Njano ya COMESA, inafanya kazi Tanzania. Kibali cha kuingiza chombo kwa muda unapewa palepale. Namba ya injini na ya bodi zisafishwe kwa mafuta ya taa kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu watataka kuzisoma na zako zimefunikwa na grisi ya tangu enzi za ukoloni.

Tanga mafundi wa Vespa wapo, na wana heshima nazo. Usione haya kuuliza.

Mgeni_Magongo
Asanteni wakubwa. Mimi nimerithi Vespa ya miaka ya sitini, ringi za inchi nane. Nataka nianze na Malindi kama Dada Shanzu alivyosema. Tairi za 3.50-8 nimeambiwa za wilibaro zinaingia. Ni kweli?

Fundi_Majengo
Zinaingia, na ndiyo hatari yake. Wilibaro haiendi 60 kwa saa na mtu juu. Tairi nunua ya skuta, hata kama utasubiri iletwe. Tyubu ni habari nyingine. Tuktuk zinatumia 4.00-8, na tyubu nyingi zimeandikwa 3.50/4.00-8 pamoja, kwa hivyo ukipata pancha Kilifi utakwamuliwa na mtu wa tuktuk. Ringi ya Vespa inafunguka vipande viwili, huhitaji mashini, spana yako tu. Toa upepo wote kabla hujalegeza nati, nasisitiza, wote, isije ikakurukia usoni. Vipuri usihofu. Bajaj ya Uhindi ilianza kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio 1960, ndiyo maana vitu vingi vya huko vinaingiliana na vyetu.

Binti_Shanzu
Mgeni, unatoka lini? Kusi ikishakaa sawa nitakusindikiza mpaka Kilifi. Ila hakikisha kwanza bomba la petroli linafika rizavu, ile petroli ya akiba, maana za enzi hizo huziba hapo.

Mtoto_wa_Bondeni
Mkipita Mtwapa niambieni, nitaleta pikap.