Nyota nyekundu ya chini ya Jabari siioni tena, niuze darubini?

Mwana wa Igombe:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Igombe, Mwanza. Februari mwaka jana mjomba alinionyesha nyota moja kwenye kundi la Sungura, chini ya Jabari (Orioni), kwa darubini yake ya macho mawili, lenzi za milimita 50. Wekundu ule sijauona kwingine angani, hata Mirihi haifikii. Darubini kaniachia mimi. Sasa ni Novemba, mvua imesafisha anga, pahala napajua, lakini nyota haipo na jirani zake zote zipo. Kuna mtu ananishawishi niiuze, anadai unyevu wa ziwa umeshaingia kwenye lenzi. Nifanyeje? Nyota ile naipenda kwa kweli.

Shemeji wa Nansio:
Pole mkuu. Itakuwa imelipuka hiyo, nyota zikizeeka huishia hivyo.

Mwalimu wa Sengerema:
Shemeji, hapana. Za aina hii hazilipuki. Humwaga tabaka zake za nje kidogo kidogo mpaka kinabaki kibete cheupe.

Mwana wa Igombe, uliyoonyeshwa ni R Leporis. Mwingereza John Russell Hind aliitambua mwaka 1845. Ni nyota ya kaboni, tena badilifu, yaani mwanga wake hupanda na kushuka. Inatanuka na kusinyaa, na mzunguko mmoja huchukua siku kama 427, yaani miezi kumi na minne. Hesabu mwenyewe: kama ilikuwa kileleni Februari mwaka jana, kilele kilichofuata kiliangukia Aprili mwaka huu. Novemba hii iko bondeni. Ikiwa kileleni hufika kiwango cha mng'ao cha 5.5 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi), jicho tupu linaikamata kwa shida penye giza zuri. Ikishuka sana hufika 11.7, mwanga umepungua karibu mara 300, na darubini ya milimita 50 haifiki huko. Vilele vyake navyo havilingani, mwaka mwingine hung'aa kidogo tu.

Wekundu unatokana na kaboni. Ndani kabisa heliamu inaungua na kuzaa kaboni, kisha mchemko wa gesi unaipandisha juu. Huko oksijeni yote inakamatwa na kaboni, na kaboni inayobaki inaunda molekuli na vumbi vinavyomeza mwanga wa buluu. Waliosomea taa ya chemli wanakumbuka kioo kikishaingia masizi mwanga ulivyogeuka. Juu ya hayo nyota yenyewe ina ubaridi, chini ya Kelvini 3,000, wakati uso wa Jua ni kama 5,800.

Usiuze.

Binti Kirumba:
Naunga mkono, ila lenzi zipime kwanza. Elekeza kwenye Kilimia. Nyota zikionekana vitone vikali, darubini ni nzima. Zikiwa na ukungu pembeni, huenda kuvu imeingia, mpelekee fundi wa kamera.

Na kaa nyuma ya nyumba, ziwa uliachie mgongo. Usiku wa giza usio na mbalamwezi ndio huohuo wavuvi wa dagaa wanawasha taa, na ukizitazama hata kidogo jicho linaanza upya kuzoea giza.

Mwana wa Igombe:
Asanteni sana. Kilimia nimekitazama jana, vitone safi kabisa. Mpaka ipande tena nitazame nini?

Mwalimu wa Sengerema:
W Orionis. Nayo ni ya kaboni na haishuki mbali, darubini yako itaipata kila inapokuwa angani. Tafuta ule upinde wa nyota hafifu upande wa ngao ya Jabari, shika ya mwisho kusini, W iko pembeni yake, umbali usiofika nyuzi mbili.

R Leporis nayo usiitupe. Toka Arneb, nyota inayong'aa kuliko zote za Sungura, pita Mu Leporis, endelea mstari uleule kama theluthi mbili ya mwendo huo, ndipo ilipo. Kwetu ikifika juu kabisa inakuwa nyuzi 12 tu kusini mwa utosi. Wa Ulaya wanaisaka chini zaidi angani. Kila wiki ilinganishe na jirani zake, andika tarehe na kiwango. Usiikodolee macho, nyota nyekundu ukiitazama sana inazidi kung'aa machoni pako, utaandika uongo bila kutaka. Tupa jicho, toa. AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota badilifu kilichoanzishwa 1911, kinapokea makadirio ya watu wa kawaida kutoka dunia nzima, na ramani za kulinganishia wanatoa bure.

Shemeji wa Nansio:
Nimeelewa mwalimu. Mwana wa Igombe, ukiiona imerudi weka hapa tarehe na kiwango, na mimi nitaitazama kutoka Ukerewe tulinganishe.