Mjadala: Bima ya afya ilipie tiba ya sindano kwa wenye mzio na muwasho wa ngozi?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Mwenye mafua ya mzio au pumu ya ngozi analipiwa vidonge na bima mwaka mzima. Akichagua akupancha, yaani hiyo tiba ya sindano nyembamba zinazochomwa kwenye pointi maalumu za mwili, anatoa mfukoni. Madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani waliandika kwenye mwongozo wao wa 2015 kwamba mgonjwa wa mafua ya mzio asiyetaka dawa anaweza kupewa akupancha. Bima zinasubiri nini?

Kipimo Kwanza:
Mkuu, "anaweza" si "lazima". Soma ule utafiti wa Ujerumani wa 2013, wagonjwa 422 wa mafua ya chavua. Wengine walichomwa kwenye pointi zenyewe, wengine pointi za uongo, wengine dawa tu. Waliochomwa sawasawa walipata nafuu zaidi, lakini nafuu ndogo, na ilipofika wiki ya 16 makundi yote yalikuwa sawa. Fedha ya wachangiaji wote iende huko? Kwenye ngozi ushahidi ni haba zaidi. Halafu muwasho mwingine uko kichwani. Mtu akilazwa kitandani akasikilizwa kwa utulivu, atapoa hata ukimgusa kwa kijiti cha meno.

Mama Pacha:
Uko kichwani? Mwanangu nimemkata kucha mpaka nyama, nimemvika soksi mikononi, na bado asubuhi shuka lina damu nyuma ya magoti. Ana miaka mitatu. Hicho kichwa kimejifunza wapi kujiwashia?

Kipimo Kwanza:
Dada, nimesema mwingine. Ubongo una sehemu yake, ndiyo maana ukimtazama mtu anajikuna nawe unaanza kuwashwa.

Mama Pacha:
Basi sema hivyo tangu mwanzo. Tumeshachoka kuambiwa ni deko.

Mtu wa Mimea:
Pole mama. Tupa hizo krimu za steroidi wanazoandika madaktari, zinakula ngozi. Mzazi mwenye uchungu na mwanawe hawezi kumpaka sumu. Mdogo wangu alipata krimu ya mitishamba mitupu, siku chache tu ngozi ikawa laini kabisa.

Mama Pacha:
Sina uchungu na mwanangu? Wewe umekesha naye? Nimeacha steroidi mara nyingi kwa sababu ya maneno kama haya yako, na kila nilipoacha ngozi ilipasuka ikatoa maji.

Mfamasia Mstaafu:
Hapo kwenye "siku chache tu" naomba tusimame. Mwaka 1999 huko Uingereza zilipimwa krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakipaka wagonjwa wa ngozi. Nane zilikutwa na dexamethasone, yaani steroidi, na wagonjwa hawakujua. Krimu ya majani ikizima pumu ya ngozi kwa kasi hiyo, mimi huanza kwa kuuliza ndani yake mna nini. Mama, steroidi kali ikipakwa muda mrefu ni kweli hupunguza unene wa ngozi, hasa usoni na kwenye mikunjo. Ya nguvu ndogo, kwa muda ulioelekezwa, ni jambo jingine. Kamua krimu kwenye ncha ya kidole cha mtu mzima mpaka ifike kiungo cha kwanza: hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Wazazi wengi walioogopeshwa hupaka kidogo mno, kisha husema dawa imeshindwa.

Mtu wa Mimea:
Mzee, unawatetea wenye viwanda. Babu zetu walijipaka nini?

Mfamasia Mstaafu:
Sitetei mtu. Taja viambato vya hiyo krimu.

Mkono wa Sindano:
Mimi ndiye mtoa huduma ya akupancha, na naona tunachanganywa na wauza makopo. Watafiti wa Munich mwaka 2010 waliwachokoza wagonjwa 30 wa pumu ya ngozi kwa kitu kinachowapa mzio. Walipochomwa pointi sahihi waliwashwa kidogo kuliko walipochomwa pointi za uongo. Hilo halikutokea kichwani.

Kipimo Kwanza:
Watu 30, muwasho wa dakika chache, maabara. Mtoto wa huyu mama anawashwa miezi. Na muwasho wa pumu ya ngozi kwa sehemu kubwa hauendeshwi na histamini, kemikali ya mwili ambayo vidonge vya mzio huizuia, ndiyo maana vidonge hivyo humlaza mtoto usingizi tu, na muwasho unabaki.

Mama Pacha:
Hilo la vidonge ndilo la kwanza la maana uliloandika leo. Nilipewa chupa baada ya chupa ya dawa ya maji ya mzio, hakuna aliyeniambia.

Mleta mada:
Jamani, bima. Swali lilikuwa bima.

Mfamasia Mstaafu:
Bima ianze na mafuta ya kulainisha ngozi. Ngozi ya pumu inavuja, inapoteza maji na kuingiza vichokozi, kwa hiyo mtoto anahitaji mafuta mazito yasiyo na manukato, kutwa mara mbili, kopo kubwa si kichupa. Wazazi wengi wananunua wenyewe.

Mtu wa Mimea:
Kopo la mdogo wangu halina lebo ya viambato. Ila si kwamba kila kisicho na lebo ni kibaya.

Mama Pacha:
Na mdogo wako anampaka nani? Mtoto?

Mtu wa Mimea:
Ndiyo, binti yake. Usoni.

Mfamasia Mstaafu:
Ana umri gani, na amepakwa kwa muda gani? Huenda ina steroidi, kwa hiyo asiikatishe ghafla. Ampeleke kwa daktari wa ngozi, na kopo alibebe.